Mashine za Bitcoin Nyumbani: Joto, Unyevu na Stima

Toleo hili tulikuwa tumepanga kuandika habari za mbuzi wa maziwa, lakini mbuzi itabidi wangoje. Vikundi vitatu vya upande wetu huu wa magharibi ya Nairobi, kutoka Kangemi hadi Dagoretti, vimeniuliza swali moja kwa nyakati tofauti. Je, ni kweli mtu anaweza kununua mashine, aichomeke kwenye soketi ya nyumbani, na iwe inamtafutia pesa akiwa amelala?

Mimi si fundi wa stima. Lakini Julai iliyopita niliitwa na kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kawangware, na niliyoyaona huko yalinifanya nikae chini na fundi mwenye leseni jioni mbili nzima, tukipiga hesabu na kuuliza maswali. Haya ninayoandika yametoka katika jioni hizo mbili.

Wale akina mama walikuwa wamechanga pesa ya kikundi wakanunua mashine mbili zilizotumika, aina ya Antminer S9, kutoka kwa muuzaji mmoja pale mjini. Wakaziweka kwenye chumba cha nyuma kwa mwenyekiti wao, chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, ambacho usiku wajukuu wawili hulala. Siku ya tisa, saa nane za usiku, mwenyekiti aliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Alikuta soketi imegeuka rangi kuwa kahawia na ekstensheni imelainika kama mshumaa. Alizima swichi kubwa, akawatoa watoto nje, akakaa nao barazani mpaka kukapambazuka. Namshukuru Mungu kwamba mama yule ana usingizi mwepesi.

Nilipofika aliniambia, "Dada, hii kitu inakula tokeni kama jiko la kuni linavyokula kuni. Tunanunua za elfu moja asubuhi, kabla ya kulala zimekwisha."

Sasa tuanze mwanzo, tuelewe mashine yenyewe inafanya nini.

Bitcoin ni pesa isiyo na noti wala sarafu. Ni daftari la hesabu ambalo nakala zake ziko katika kompyuta nyingi duniani. Takribani kila dakika kumi ukurasa mpya wa daftari hilo hufungwa, na kuufunga ni kama mchezo wa kubahatisha namba. Mashine zote duniani zinabahatisha kwa pamoja, na ile inayopata namba inayokubalika ndiyo inayolipwa. Mwaka 2009 malipo yalikuwa Bitcoin 50 kwa kila ukurasa. Hupunguzwa kwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Kwa kuwa mashine moja ya nyumbani inaweza kukaa miaka na miaka bila kupata chochote, wenye mashine hujiunga katika vyama, wanabahatisha pamoja na kugawana kulingana na kazi ya kila mmoja. Hapo wanachama wetu wa merigoraundi wanaelewa haraka. Tofauti ni kwamba katika merigoraundi zamu yako lazima itafika.

Mashine hiyo haina kazi nyingine. Haichapishi, haionyeshi picha, huwezi kuandikia barua ya mchango wa harusi. Inabahatisha tu, usiku na mchana, na stima yote inayoingia ndani yake hugeuka kuwa joto. Sisemi sehemu ya stima, nasema yote. S9 moja inatumia takribani wati 1,400. Fikiria pasi ya stima iliyowashwa kwenye moto wa juu kabisa, imewekwa ndani ya chumba, isizimwe leo wala kesho. Aina mpya zaidi kama S19 hutumia wati 3,250 hivi, hiyo ni zaidi ya pasi mbili.

Hesabu ya pesa nitaipitia kwa ufupi, maana hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Wati 1,400 kwa saa 24 ni yuniti 33.6. Tuseme yuniti moja, pamoja na kodi na makato yote, inakufikia kwa shilingi 28 (angalia risiti yako ya tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata). Hiyo ni shilingi 940 kwa siku, kwa mashine moja. Kwa mwezi inapita 28,000. Na je, inaingiza nini? Kwa bei na ushindani wa mwaka 2025, S9 haikufikisha dola moja kwa siku, yaani chini ya shilingi 130. Wale akina mama kwa siku tisa walichoma tokeni za kama elfu kumi na tano. Walichopata hakikufika elfu mbili, na hata hicho hawakuweza kukitoa, kwa sababu chama walichojiunga nacho hakilipi mpaka ufikishe kiwango fulani.

Mtu atauliza, basi mbona kuna watu wanaofanya kazi hii hapa Kenya? Wapo. Kampuni ya Gridless, iliyoanza mwaka 2022, imeweka mashine kando ya mitambo midogo ya maji kama ile ya Murang'a, inatumia stima ambayo wanakijiji hawajaweza kuitumia yote na ambayo ingepotea bure. Kule Kongo ya mashariki, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kwenye mtambo wake wa maji wa Luviro. Hao wako mlangoni pa stima, wana mafundi wao, na mashine zao zimekaa katika makontena yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tunanunua yuniti moja moja kwa simu, na mashine tunaiweka chini ya kitanda. Hatuko katika biashara moja na wao.

Najua hata baada ya hesabu hii wako watakaojaribu. Kuna kijana ambaye ameshanunua tayari na pesa haitarudi, kuna anayepata stima ya jua iliyobaki mchana, kuna anayetaka tu kujifunza. Kwa hiyo yanayofuata ni kwa ajili ya nyumba isiungue na mtu asife. Yanafaa pia kwa mwenye inkubeta, mwenye friji ya kuuzia maziwa, mwenye mashine ya kuchomelea, na kila anayeendesha kitu cha stima saa nyingi mfululizo.

STIMA KWANZA

Fundi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Soketi ile ya mwenyekiti ilikuwa inapiga pasi miaka minne bila shida. Kwa nini iungue kwa siku tisa?

Jibu ni kwamba pasi hupumzika. Ndani yake kuna kitu kinachokata stima pasi ikishapata moto wa kutosha, kisha kinairudisha. Hata wewe mwenyewe unapiga nguo nusu saa ukaizima. Soketi inapata nafasi ya kupoa. Mashine ya Bitcoin haipumzishi soketi hata dakika moja. Kama kuna skrubu ndani ya soketi iliyolegea kidogo tu, pale palipolegea panapata joto, joto linalegeza zaidi, kulegea kunaongeza joto, na hivyo hivyo mpaka plastiki inaanza kuyeyuka. Na joto hilo haliongezeki kwa kipimo kile kile cha stima. Ukizidisha stima mara mbili katika waya ule ule, joto linazidi mara nne.

Zile mashine mbili zilikuwa kwenye ekstensheni moja, ekstensheni kwenye soketi moja. Wati 2,800 gawanya kwa volti 240 unapata ampea 11 na zaidi kidogo. Mtu atasema, plagi imeandikwa 13, bado tuko salama. Lakini wengi wetu tunajua stima ya mtaani haifiki 240 jioni watu wote wakiwa wanapika. Ikishuka hadi 200, mashine haipunguzi kazi, inavuta ampea zaidi ili ipate wati zile zile, na sasa umefika 14. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa 14. Inaweza kuvumilia saa nyingi, na saa hizo zote waya unapikika. Tena ekstensheni nyingi za bei rahisi ndani yake si shaba tupu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Na wengi wetu tuna tabia ya kuikunja ile iliyobaki ikawa kama kamba ya ng'ombe, ili isionekane vibaya. Waya uliokunjwa hivyo hauwezi kupoa. Pale kwa mwenyekiti ndipo palipolainika kwanza, ndani ya ule mkunjo.

Kwa hiyo: mashine moja, soketi moja ya ukutani, bila ekstensheni. Waya wa soketi ndani ya ukuta uwe wa milimita 2.5, si 1.5 ambao ni wa taa. Kama ni mashine kubwa ya wati 3,000 na kitu, usiifikirie soketi ya kawaida kabisa. Hiyo inataka laini yake kutoka kwenye breka, kama ile ya kuku wa kuchoma au ya bafu ya maji moto, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwulize akuonyeshe hiyo leseni. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa.

Baada ya saa moja ya kuwasha, weka kiganja juu ya plagi. Joto la kawaida la mkono ni sawa. Ukishindwa kukaza kiganja mpaka uhesabu kumi, zima, hapo pana kasoro. Rudia baada ya siku moja na baada ya wiki moja. Mwenyekiti angefanya hivi siku ya pili tusingekuwa na hadithi hii.

Breka ikikatika mara kwa mara, inakueleza kitu. Kuna watu, nao ni wengi, wanaobadilisha breka wakaweka kubwa zaidi, au wanaofunga waya au msumari mahali pa fyuzi. Breka imewekwa ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka kubwa, waya wenyewe ndio utakaokatika kwanza, na utakatikia ndani ya ukuta wa mbao usikoona.

Sasa jambo ambalo nataka kila anayeishi katika nyumba ya mabati alisome mara mbili. Mwili wa mashine hizi ni wa chuma, na lazima uunganishwe na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano. Katika ploti nyingi waya huo haupo, au upo kwenye soketi lakini haujafungwa kokote. Bila waya huo, ukigusa mashine utasikia inakutekenya. Watu wanacheka, wanasema ina kastima kadogo. Kale kadogo kanatoka ndani ya kifaa cha kugawia umeme hata kikiwa kizima. Siku kikiharibika, hautakuwa mtekenyo. Na kama mashine au waya uliochubuka unagusa mabati, basi nyumba nzima ina stima: ukuta, paa, kamba ya nguo iliyofungwa ukutani, na pengine nyumba ya jirani. Mtoto anatoka bafuni miguu mitupu, anashika ukuta. Sitaki kuendelea na sentensi hiyo.

Kwa hiyo waya usipite kwenye tundu la bati bila bomba la plastiki. Na mwombe fundi aweke ile breka inayokatika stima ikianza kuvuja, ya miliampea 30. Bei yake ni ndogo kuliko ya mashine hata iwe kuukuu namna gani. Kwa kweli kama kikundi kina pesa ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, mashine au breka hii kwa nyumba za wanachama, mimi nitawaambia mnunue breka.

Stima ikipotea, zima mashine kwenye soketi. Ikirudi, ngoja dakika tano kabla ya kuwasha, kwa sababu inaporudi huja kwa kuruka ruka. Ile gadi ya friji inasaidia, lakini soma imeandikwa ampea ngapi. Nyingi ni za ampea 5, na S9 moja inavuta karibu 6. Utachoma gadi.

Nyongeza moja juu ya stima, nisije nikaambiwa sikusema. Wako wanaoshauriwa waunganishe kabla ya mita, au wavute kutoka kwa mlingoti. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Lakini hata ukiiweka sheria kando, mtu akikuonyesha biashara ambayo inaleta faida tu ukiiba stima, amekwisha kukuambia kwamba haina faida.

JOTO NA HEWA

Watu hufikiri Nairobi ni baridi, kwa hivyo joto si shida. Ni kweli hatuko Mombasa. Lakini tuko juu, mita 1,700 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ukienda Kikuyu unakaribia 2,000, Limuru unapita 2,200. Hewa ya juu ni nyepesi. Feni inazunguka kwa kasi ile ile lakini inasukuma hewa kidogo kwa uzito, na ni uzito wa hewa unaobeba joto. Hapa kwetu hewa ina uzito kama wa asilimia 80 ya ile ya pwani. Karatasi ya maelezo ya baadhi ya mashine za Bitmain inasema hivi: hewa inayoingia isizidi nyuzi 40, lakini ukipita mita 900 toa nyuzi moja kwa kila mita 300, na isitumike juu ya mita 2,000. Kwa Kawangware hiyo ni nyuzi 37. Kwa Limuru karatasi inakataa kabisa. Muuzaji hakuitaja karatasi hiyo, na sijui kama aliwahi kuisoma.

Nyuzi 37 ni nyingi, utasema, Nairobi haifiki hapo. Nje haifiki. Ndani ya chumba cha mabati saa saba mchana mwezi wa Februari, mashine ikiwa imewaka, inafika na kupita. Fundi alipiga hesabu kwenye kisanduku cha kiberiti, akaniambia: ili S9 moja isipandishe hewa inayopita ndani yake zaidi ya nyuzi 15, chumba cha futi kumi kwa kumi, urefu futi nane, kinahitaji kubadilisha hewa yote takribani kila dakika nne. Hiyo ni mashine moja. Dirisha dogo lenye pazia haliwezi.

Kinachofaa ni kuelewa kwamba mashine ina mdomo na ina mkia. Inavuta hewa baridi mbele na kutema moto nyuma. Kosa la kawaida ni kuielekeza mkia ukutani, hewa moto inagonga ukuta, inazunguka na kuingia tena mdomoni. Mashine inavuta pumzi yake yenyewe. Feni zinapiga kelele zaidi, joto linapanda, mwisho inajizima. Iweke mkia ukielekea tundu la kutokea nje, karibu kabisa, na tundu la kuingizia hewa liwe upande wa pili wa chumba, chini, upande wa kivuli. Tundu la kuingizia liwe kubwa kuliko la kutokea, kwa sababu utaliwekea wavu, na wavu hupunguza hewa.

Usiifunike na kitambaa ili kupunguza kelele. Nimeona blanketi. Kelele yenyewe ni ya decibel 75 hivi, kama mashine ya kusaga kahawa isiyonyamaza, na Kanuni za Kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA zinataka sehemu za makazi zisizidi 35 usiku. Ukiishi kwenye ploti yenye vyumba kumi vinavyoshiriki ukuta wa mabati, majirani watakuwa wamekuja kwako kabla ya NEMA kuja. Na mwenye ploti naye aulizwe kwanza. Waya ni zake.

Kitu kimoja wanakikundi waliniuliza ambacho nilikipenda. Je, joto lile haliwezi kutumika kulea vifaranga? Linaweza, lakini tazama. Taa ya joto ya wati 250 inakula yuniti 6 kwa siku, kama shilingi 168. Mashine inakula 940 kwa kazi hiyo hiyo. Na vumbi la vifaranga likiingia mdomoni mwa mashine halidumu mwezi. Tena mashine ikijizima usiku, asubuhi unaokota vifaranga kwa koleo.

UNYEVU

Hapa watu wengi wanaelewa kinyume. Wanaogopa mvua wakati mashine inafanya kazi. Mashine inayofanya kazi ni moto, inajikausha yenyewe. Hatari kubwa ya unyevu ni mashine iliyozimwa.

Chukua Julai yetu hii, na manyunyu yake na baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka upande wa Limuru. Stima imepotea saa tatu usiku. Mashine inapoa usiku kucha, chuma kinakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Saa kumi na moja alfajiri mama anaingia chumba kile kile na jiko, anachemsha chai na uji. Mvuke unajaa chumba. Mvuke ukikutana na chuma baridi unageuka matone, sawa na yale unayoyaona kwenye kioo cha dirisha. Matone hayo yako ndani, juu ya vibao vya umeme, usipoyaona. Saa kumi na mbili stima inarudi, mashine inawaka ikiwa na maji ndani.

Kwa hiyo mashine isikae katika chumba cha kupikia, wala cha kuanikia nguo wakati wa mvua. Ikiwa imezimwa usiku wa baridi, fungua madirisha asubuhi, hakikisha hakuna mvuke, ngoja chumba na mashine vifanane joto kabla ya kuwasha. Ikiwa umeibeba kutoka stoo baridi, iache saa kadhaa. Kama imeloa kabisa, usiiwashe ili ikauke. Ipeleke kwa fundi aifungue.

Unyevu peke yake si mbaya kama unyevu na vumbi pamoja. Vumbi la barabara zetu, masizi ya makaa na moshi wa takataka zinazochomwa huingia ndani na kukaa. Vikikauka havina neno kubwa. Vikipata unyevu vinakuwa kama tope, na tope hilo linapitisha stima kutoka mguu mmoja wa kifaa hadi mwingine. Kutu ya kijani unayoiona kwenye vibao vya mashine za mtumba inatoka huko. Ukienda kununua mtumba wowote wa stima pale Luthuli Avenue, si lazima uwe mashine hii, omba ufunguliwe kifuniko na utafute hiyo rangi ya kijani kabla hujatoa pesa.

Kusafisha ni kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Zima, chomoa kabisa, ngoja ipoe. Pulizia hewa kavu. Usitumie ile hewa ya kujazia matairi kwenye kituo cha petroli, mara nyingi ina maji ndani. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopulizia, kwa sababu feni ikizungushwa kwa nguvu inatengeneza stima yake na kuirudisha kwenye kibao. Kitambaa chenye maji hapana.

Usiiweke sakafuni. Iinue juu ya matofali, angalau futi moja na nusu, maana tunapiga deki na mvua ya Aprili huingia chini ya mlango. Tundu la nje lipate kofia ya bati iliyoinama, mvua isirudi ndani, na wavu wa matundu madogo kwa ajili ya mende na mijusi. Mende wanapenda joto, watakuja kukaa karibu na vile vibao. Waya unaoingia kutoka nje uache ushuke kidogo chini ya tundu halafu upande tena kabla ya kuingia. Maji yatafuata waya mpaka pale chini na kudondoka hapo, badala ya kukufuata ndani.

Na hakuna mtu kulala katika chumba hicho. Wala godoro, mafuta taa, makaa au mtungi wa gesi kukaa humo. Ikishika moto, zima swichi kubwa kama unaweza kuifikia, usimwage maji, tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga. Ikiwa moto umeshapanda ukutani, toeni watu. Mashine muiache.

Wale akina mama waliuza mashine zao kwa fundi mmoja anayetaka feni na vile vifaa vya kugawia umeme, kwa bei ya chini sana kuliko waliyonunulia. Katika mkutano wao walikubaliana kuandika katika daftari la kikundi, chini ya hasara, jumla yote, tokeni zikiwemo. Mweka hazina alitaka tokeni zihesabiwe kama mchango wa mwenyekiti. Wengine walikataa, nami nadhani walifanya haki, kwa sababu uamuzi ulikuwa wa wote. Soketi ilibadilishwa, na breka ya miliampea 30 imewekwa. Wajukuu wamerudi katika chumba chao.

Ofisi yetu ya maendeleo sasa ina mita ndogo ya kuchomeka kati ya soketi na kifaa chochote. Inaonyesha wati, volti na yuniti zilizotumika, kwa hiyo unaweza kujua friji, inkubeta au mashine yoyote inakula kiasi gani kabla hujainunua. Vikundi vilivyosajiliwa vinaweza kuiazima kwa siku tatu, bila malipo. Katibu aje na barua ya kikundi na kitambulisho, Jumanne au Alhamisi, kabla ya saa sita mchana.